Nywele zikishaungua, dawa ni mkasi na subira

KILA mwaka ifikapo Agosti, na tena Desemba, saluni za Wote, Kitui, Mwingi na Emali huchelewa kufungwa. Hiyo ndiyo miezi ya arusi na ya ntheo, wakati mbuzi hupelekwa kwa wakwe, na ndiyo miezi ambapo watu wa Ukambani walio Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani kwa wingi. Hakuna dada apendaye kusimama mbele ya wakwe, au kupigwa picha, na kichwa kisichotengenezwa. Basi foleni huwa ndefu, msusi ana haraka, jiko la makaa limekolea, na pasi ya nywele haijapoa tangu asubuhi.

Sherehe ikishakwisha, ndipo majuto huanza. Nywele zilizolala kama hariri siku ya Jumamosi, zikioshwa mara mbili tatu zinakataa kujikunja kama zamani. Zinasimama kavu kama katani ya kusukia kiondo. Ncha zina vidoa vyeupe, na kila zikichanwa kitana kinajaa vipande vifupi vifupi. Akina dada na akina mama wa Kitui na Makueni huuliza kwa maneno tofauti, lakini swali ni lile lile moja: ni mafuta gani yatakayozirudisha nywele zangu?

Leo, mpenzi msomaji, nitalijibu swali hilo bila kuzunguka. Hakuna. Hakuna mafuta, wala krimu, wala dawa ya chupa, iwe imetoka Nairobi au ng'ambo, inayoweza kuuponya unywele ulioungua. Najua jibu hili ni chungu. Lakini dada anayeuza maembe sokoni ili anunue mkebe baada ya mkebe ana haki ya kuambiwa ukweli kabla hajafungua kibeti. Tena ukweli huu una faida, kwa maana ukishaujua utafahamu mahali pa kutia nguvu zako.

Kwa nini haziponi

Ukijikata kidole, kidonda hufunga kwa sababu ngozi ni kitu kilicho hai. Unywele tunaouona sivyo ulivyo. Sehemu yake iliyo hai imo chini, ndani ya ngozi ya kichwa. Ukishatokeza nje, unywele ni kama ukucha: hauna damu, hauna uhai, na hauwezi kujitengeneza.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyopandana kama mabati ya paa, na kazi ya magamba hayo ni kuulinda moyo wa unywele ulio ndani. Umbo lake, yaani kujikunja ama kunyooka, hushikiliwa na vifungo vidogo vya aina mbalimbali. Baadhi ya vifungo hivyo huachia kwa joto au kwa maji, kisha hufunga tena. Ndiyo sababu nywele zilizonyooshwa leo hurudi kujikunja kesho ukinyeshewa au ukitoka jasho. Mambo yakikomea hapo, hakuna hasara kubwa.

Hasara huja joto linapozidi. Hapo si vifungo vinavyoachia tu, ila protini yenyewe hugeuka. Fikiria yai. Likishakaangwa, hata ulitie ndani ya jokofu mwaka mzima, halirudi kuwa bichi. Unywele ulioungua ni yai lililokwisha kukaangwa. Magamba yake yamepasuka na kuinuka, maji ya ndani yametoka, na ile nguvu ya kujikunja imekwisha. Mafuta yatakayopakwa juu yataung'arisha kwa siku mbili, lakini hayatalirudisha yai katika ganda lake.

Makaa hayana kipimo

Kunyoosha nywele kwa chuma cha moto si jambo la jana. Mjini Paris, katika miaka ya 1870, msusi Marcel Grateau alijipatia sifa kwa kutengeneza mawimbi ya nywele kwa koleo zilizopashwa moto. Kule Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kitana cha chuma kilienea miongoni mwa wanawake weusi, na biashara ya Madam C. J. Walker, aliyefariki mwaka wa 1919, ilichangia sana kukieneza. Wengi hudhani ndiye aliyekibuni, lakini kitana hicho kilikuwapo kabla yake. Kwetu sisi kitana hicho kilikuta jiko la makaa likingoja, nacho kikapata makao.

Ubaya wa jiko ni kwamba halina kipimo. Makaa mekundu huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na chuma kikilala humo dakika chache hakuna ajuaye kimefika wapi. Wanaozielewa nywele hushauri joto la kuzinyoosha lisizidi nyuzi 180, na likikaribia 230 keratini yenyewe huanza kuyeyuka. Kwa hiyo kitana kilichotolewa makaani na kutiwa kichwani papo hapo huenda kinafanya kazi ya jiko la nyama.

Pasi ya umeme ni afadhali ikiwa ina kidude cha kupunguzia joto, na ikiwa anayeitumia anakijua. Nyingi hupandishwa hadi mwisho ili kazi iishe upesi. Halafu fungu lile lile la nywele hupitishwa mara tano au sita. Kila mara chuma kinapopita huacha madhara yake, na bandu bandu huisha gogo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kunyoosha nywele ambazo hazijakauka. Maji yaliyo ndani ya unywele yakiguswa na chuma cha moto huchemka na kugeuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Unywele ulioumia hivyo, ukitazamwa kwa hadubini, huonekana una mapovu ndani kama mkate uliochachuka. Wala haihitaji joto kali sana. Koleo la nyuzi 125 likikaa dakika nzima juu ya unywele wenye maji linatosha. Ukisikia nywele zinalia chss! chini ya pasi, sauti hiyo ni unywele unaopasuka.

Jipime mwenyewe

Kabla ya kuamua la kufanya, ni vyema ujue hasara imefika wapi. Okota unywele mmoja uliotoka wenyewe kwenye kitana. Uloweshe, kisha uvute polepole kwa vidole viwili. Unywele wenye afya hunyumbuka, karibu theluthi ya urefu wake, na ukiuachilia hurudi. Uliochoka hukatika mara moja. Ulioharibika zaidi hunyumbuka kama chingamu na haurudi.

Pia tazama mwisho wake. Unywele uliotoka na mzizi huwa na kijidonge cheupe upande mmoja. Huo umemaliza muda wake, na kupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku si ugonjwa. Usio na kijidonge umekatika njiani, na vikiwa vingi vya namna hiyo ujue tatizo ni kuungua au kuvutwa, wala si damu wala si kurogwa.

Mwisho, osha kichwa na uziache nywele zikauke zenyewe bila kuchanwa. Mahali zinapojikunja ni pazima. Mahali zinaponing'inia kama uzi ilhali hukutia dawa ya kunyoosha, pameungua.

Mkasi kwanza

Jambo la kwanza ni kuliweka kando joto lote: kitana cha chuma, pasi, na ile mashine ya kupulizia hewa moto. Usiseme utapunguza. Acha kabisa kwa miezi sita angalau, vinginevyo utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Jambo la pili ni mkasi. Ikiwa zilizoungua ni ncha tu, punguza sentimita moja hivi kila baada ya wiki sita hadi nane, mpaka sehemu mbovu iishe. Ukiiacha ncha iliyopasuka, mpasuko hupanda juu na kula sehemu iliyokuwa nzima. Ikiwa zimeungua tangu karibu na ngozi, una njia mbili. Unaweza kuzikata zote fupi na kuanza upya, au kuziacha ziote huku ukipunguza kidogo kidogo. Njia ya pili inahitaji uangalifu, kwa kuwa pale unywele mpya unapokutana na ule ulioungua ndipo palipo dhaifu kuliko pote. Chana kwa kitana chenye meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na mafuta, ukianzia kwenye ncha na kupanda kuelekea kwenye mizizi.

Maji yetu na sabuni zetu

Sasa tufike kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo ushauri mwingi wa magazeti ya ng'ambo unapotupotosha. Huko huandikwa kana kwamba kila mtu ana bomba la maji matamu. Sisi tunajua kwamba visima vingi vya Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi, na kwamba wakati wa kiangazi mtungi mmoja wa lita 20 huenda umetoka mbali, kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka.

Maji magumu ya kisima yakikutana na sabuni ya kipande hufanya utando mweupe, ule ule unaouona ukingoni mwa karai. Utando huo hukaa juu ya nywele, ukazifanya ngumu na zisizopitisha mafuta. Isitoshe, sabuni ya kufulia ni kali na huyainua magamba ya unywele ambao tayari umeumia. Basi tumia shampuu, japo kidogo, uliyoichanganya na maji ndani ya kikombe.

Mvua ikinyesha, hasa ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo Ukambani huitegemea zaidi, kinga maji ya paa na uweke mtungi mmoja kwa ajili ya kichwa. Maji ya mvua ni laini na hayana chumvi. Kama hayatoshi kuoshea, yawe ya kusuuzia mwisho. Mvua isipokuwapo, tia kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji na usuuzie hayo. Uchachu huyeyusha ule utando na kuyalaza magamba. Angalia tu yasiingie machoni, wala usiyatumie ngozi ya kichwa ikiwa na kidonda.

Ndoo ya lita kumi inatosha kuosha kichwa kizima ukifanya kwa mpango. Gawa nywele mafungu manne na ulisokote kila fungu. Lowesha kwa kikombe, paka shampuu kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, kisha suuza fungu kwa fungu bila kulifumua. Mara moja kwa wiki mbili yatosha wakati wa shida ya maji. Maji ya kusuuzia yakinge karaini, nayo yatamwagiwa mche wa mwembe.

Kondishona, nazi na mbarika

Baada ya shampuu, nywele zilizoungua zinahitaji kondishona. Iache dakika kumi hivi kabla ya kusuuza. Kazi yake ni kuyafunika magamba yaliyoinuka ili nywele zisikwaruzane. Zile zilizoandikwa kuwa zina protini huwa na vipande vidogo sana vinavyoweza kuingia katika nyufa na kuutia unywele nguvu kwa muda. Ukiosha, nguvu hiyo hupungua. Kwa hiyo isifanywe kila siku. Mara moja kwa mwezi inatosha, maana protini ikizidi nywele hukakamaa.

Kuhusu mafuta, yale ya nazi yana sifa inayostahili. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ukaona kwamba ni ya nazi yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele. Sababu ni kwamba huweza kupenya ndani, ilhali mengine hukaa juu. Barabara ya Mombasa inapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, kwa hivyo nazi haiko mbali nasi. Paka usiku, osha kesho yake.

Mafuta ya mbarika ni mazito na hukaa juu ya unywele. Yanafaa kuzuia unyevu usitoroke, hasa Julai na Agosti upepo mkavu unapovuma. Tone chache kwenye ncha zinatosha. Lakini tahadhari: mbegu za mbarika zina sumu kali. Usiziache mahali ambapo mtoto anaweza kuzitafuna, na ununue mafuta yaliyokamuliwa na watu wanaojua kazi hiyo. Vaseline nayo hufunika tu. Huifunga unyevu uliopo, lakini ikipakwa juu ya nywele kavu hufunga ukavu.

Na mayai je? Protini ya yai ni kubwa mno, haiwezi kuingia ndani ya unywele. Ukisuuza kwa maji ya moto litaiva kichwani na utashinda ukiokota vipande. Mpe mtoto alile. Asali ya Kitui na Mwingi ni tamu na ina sifa kote nchini, nayo huvuta unyevu kweli, lakini yake ni mkateni. Kichwa kilichopakwa asali mchana katika nchi ya mizinga ni kuwaalika nyuki.

Kunyoosha bila moto

Wengi watauliza: je, nikitaka ziwe ndefu siku ya ntheo, nifanyeje? Jibu walikuwa nalo mama zetu na nyanya zetu. Ni uzi. Nywele zenye unyevu kidogo hugawanywa mafungu, kila fungu likazungushiwa uzi mweusi tangu kwenye mizizi hadi kwenye ncha, bila kukazwa sana. Zikilala hivyo usiku mmoja au mbili na kukauka vizuri, ukifumua utazikuta zimenyooka na ndefu, bila harufu ya kuungua. Chombo ni uzi wa shilingi chache na mtu wa kukusaidia nyuma ya kichwa.

Matuta na rasta nazo huzipumzisha nywele, mradi zisikazwe hadi ukashindwa kufumba macho. Zilizoungua haziwezi kubeba mzigo mzito. Usizidishe wiki sita hadi nane bila kufumua. Na usiku funga kichwa kwa kitambaa cha satini. Leso ya pamba hunyonya unyevu na kuzikwaruza nywele, lakini kipande cha satini hupatikana katika mtumba siku ya soko.

Si kila upara ni wa kitana

Hapa, akina mama wenye umri wa miaka 30 na zaidi, naomba msome polepole. Ikiwa nywele zinapungua utosini, katikati kabisa, na upungufu unapanuka kama duara, huku ngozi ikiwasha, ikiuma au iking'aa, usiende saluni. Nenda hospitali.

Mnamo 1968 madaktari wa Marekani waliieleza hali hii kwa wanawake weusi, wakailaumu mifuniko ya mafuta na joto la kitana cha chuma, hata upara huo ukapewa jina la kitana hicho. Baadaye iligunduliwa kwamba wengine wanao bila kuwahi kukigusa, na jina likabadilishwa. Mwaka wa 2019 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kuna hitilafu ya kurithi katika kazi ya kuujenga unywele. Kwa hiyo kama mama yako aliupata, wewe uwe macho zaidi, na moto uuepuke kabisa.

Hatari ya ugonjwa huu ni kwamba huacha kovu ndani, na palipo na kovu mzizi umekufa. Ukiwahi, dawa inaweza kuuzuia usiendelee. Ukichelewa miaka mitano ukibadilisha mafuta na kufunika kwa wigi, hakuna daktari atakayekirudisha kilichozikwa. Katika hospitali za rufaa za kaunti, ile ya Kitui na ile ya Makueni iliyoko Wote, omba uelekezwe kwa daktari wa ngozi.

Watoto waachwe

Nimalizie onyo langu kwa watoto. Ikikaribia Krismasi akina mama wengine huwanyoosha nywele binti zao wadogo nyumbani, jiko likiwa kati ya magoti. Mtoto hatulii. Akishtuka mara moja, chuma kitashuka sikioni au shingoni, na mafuta yaliyopakwa kichwani yakiyeyuka hutiririka yakiwa moto. Kovu la sikio litadumu kuliko picha ya Krismasi. Msuke matuta, naye atapendeza.

Kama ajali imetokea, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama maji ni haba, yakinge karaini na kuyachota tena. Usipake dawa ya meno, unga, siagi wala mafuta ya kupikia, kwani hufungia joto ndani na kuleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi. Ikiwa kuna malengelenge, au ni usoni, au mtoto ni mdogo, mpeleke hospitalini.

Kama huna budi

Wako watakaosoma haya yote na bado siku moja waingie saluni. Siwalaumu, uzuri ni haki ya kila mtu. Basi baada ya ile miezi ya kupumzika, shika sheria hizi. Nywele ziwe safi na zimekauka kabisa. Zipakwe kwanza ile krimu ya kuzikinga na joto, kiasi kidogo. Pasi isipite nyuzi 180, na ipite mara moja, ikizidi mara mbili. Mashine ya hewa moto ishikwe umbali wa sentimita 15 na isitulie mahali pamoja. Kitana cha makaani kijaribiwe kwanza kwenye karatasi nyeupe au kitambaa cheupe. Kikiacha alama ya rangi ya kahawia, kipoe. Na mwaka mzima usifanye hivyo zaidi ya mara mbili tatu.

Usimwogope msusi. Yeye anatafuta riziki, nawe ndiwe mwenye kichwa. Mwambie kwa upole, kabla hajaanza: "Dada, naomba upunguze moto." Msusi mwema atakusikia, kwa sababu mteja mwenye nywele hurudi, na asiye nazo harudi.

Najua kwamba kwa dada wengi kinachotisha katika yote haya ni mkasi. Watu watauliza umefiwa na nani. Mama mkwe atakutazama mara mbili. Lakini nywele fupi si aibu. Lupita Nyong'o alipopanda jukwaani kupokea tuzo ya Oscar mwezi wa Machi 2014, nywele zake zilikuwa fupi kabisa, na dunia nzima ilisema amependeza.

Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, na zetu pengine pungufu kidogo. Dada atakayekata Januari na kuzitunza atakuwa na karibu sentimita kumi ifikapo Desemba, tena nywele nzima, zinazojikunja zikilowa na zisizoachwa kwenye mto wa kulalia. Atakayenunua mikebe mwaka mzima atafika Desemba hiyo hiyo na zile zile zilizoungua, pungufu ya zile zilizokatika, na pesa zimekwenda. Hesabu hiyo, mpenzi msomaji, naiacha mikononi mwako.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akipenda, kwaherini.